Mwenye Kumdai Mudrik

Mbagala, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Na wale kuku waliokuwa wakitagia kwenye sanduku la vitabu vya marehemu baba, umewafukuza au umewaachia maktaba?

Mimi mzima. Barua hii nampa Warda kesho pale Kariakoo anapochukua vitenge vya duka lake. Anasema Jumanne anavuka, kwa hiyo Jumatano utakuwa nayo. Wenzangu kazini wananicheka: "Vicky, zama hizi mtu bado anamwandikia mama yake barua?" Nawaambia mama yangu ni mwalimu mstaafu, hataki simu. Siwaambii kwamba simu ndiyo iliyokuletea habari ya Godlove, ukaifungia kabatini ikafia humo.

Ushauri wako kuhusu Mama Iddi, yule mpangaji mwenzangu anayeangusha nguo zangu kwenye kamba, umefanya kazi. Ulisema, "Mpelekee futari, mtu hagombani na sahani." Nilimpelekea tambi na viazi. Kesho yake sahani ikarudi na kaimati, na leo nimekuta nguo zangu zimeanuliwa na kukunjwa. Nilicheka peke yangu. Nikasema kumbe Injili inaweza kuanzia jikoni.

Sasa mama, kaa kitako.

Jumatatu iliyopita wameleta mlinzi mpya kwenye jengo letu la Upanga, pale kwenye kliniki ya meno ninapopokea wagonjwa. Ni Mudrik. Mudrik wa Bi Kidawa wa Kiegeani, nahodha aliyezidisha mtu kwenye boti yake mpaka ikapinduka. Ishirini na wawili waliokolewa, wa ishirini na tatu alikuwa Godlove, mdogo wangu. Najua alifungwa mwaka mzima, najua alinyang'anywa leseni. Lakini mimi nilidhani dunia ni kubwa, jamani. Kumbe ni geti moja tu.

Ananifungulia geti kila asubuhi. Siku ya kwanza alinitambua, akashusha macho. Tangu hapo kila nikipita anasimama. Hajasema kitu, na mimi sijasema.

Tatizo langu ni hili. Nikisali Baba Yetu, "utusamehe makosa yetu" naitamka vizuri, nikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" ulimi unagoma. Naruka, naenda mbele. Wiki nzima nasali hivyo, na hii ni Kwaresima. Mama, ulinifundisha sala hii kabla sijajua kuandika. Nifanyeje?

Mwanao,
Victoria


Kilindoni, Mafia
23 Machi 2025

Mwanangu Victoria,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi, mchana unasahau. Kuku wameshinda, sanduku ni lao. Mwandiko wako umeanza kufanana na wa madaktari unaokaa nao, ujirekebishe.

Huku mvua imeanza. Nilikwenda kulifyeka kaburi la Godlove nikakuta limeshafyekwa, wanasema ni vijana wa msikitini waliokuwa wakisafisha njia, wakaona wasiliruke. Tumebaki wachache kanisani, Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na wanne. Walimu wapya wakiletwa huku hawakai, wakipata tu uhamisho hao. Mimi mtu wa Bukoba niliyekuja kwa mwaka mmoja, nina arobaini sasa.

Nimefurahi sana habari ya Mama Iddi. Usiishie hapo. Sahani ikirudi na kitu, nawe uirudishe na kitu, ndivyo wanavyoishi watu. Na yule mgonjwa aliyekutukana kwa sababu ya foleni, Warda amenisimulia, usimwekee moyoni, mtu mwenye jino bovu hana akili ya kwake. Ukirudi nyumbani umechoka, sali fupi lakini sali. Mungu haangalii urefu, si mkaguzi wa shule.

Kuhusu yule mlinzi, msalimie upite zako. Usimhoji. Mfungo ni pamoja na ulimi.

Warda ananisubiri mlangoni, ana haraka.

Mama yako,
Clotilda


Mbagala
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikihesabu mistari. Mama Iddi amepata mistari minne, mgonjwa wa jino miwili. Mudrik amepata sentensi tatu, zote fupi. Mama, wewe uliyesimama darasani miaka thelathini ukifundisha dini kwa mifano ya samaki na chumvi, kwa hili huna mfano?

Nilikwenda kwenye kitubio. Nilimwambia padre kila kitu, hata kwamba siku moja niliomba Mudrik ateleze pale kwenye ngazi. Hakunigombeza. Alisema, "Kusamehe ni safari, binti yangu. Anza na salamu." Nikamuuliza, salamu tu? Akasema, "Umewahi kumsalimia?"

Basi Jumatatu nikasema, "Habari za asubuhi." Mama, yule mtu alishtuka kana kwamba nimempiga. Akasema, "Nzuri, dada. Karibu." Jumanne nikasema tena. Siku ya Idi nilimletea maandazi kwenye mfuko, nikaweka mezani pale kibandani bila kumtazama. Jioni mfuko ulikuwa mlangoni kwa kliniki, una ndizi mbili. Nilizila nikilia, sijui nalia nini. Nilimkumbuka Godlove alivyokuwa anakula ndizi na maganda yake akiwa mdogo, na wewe unamkimbiza uani.

Kuna kitu kingine. Miguu yake imevimba. Havai viatu, anavaa kandambili hata mvua ikinyesha, na akisimama ninapopita anashika nguzo kwanza. Msimamizi wa jengo amemgombeza mara mbili kwa ajili ya kandambili. Nilitaka kumuuliza kama amekwenda hospitali, nikaona si kazi yangu.

Sala bado naruka. Lakini sasa naruka maneno machache zaidi.

Niandikie, mama. Si habari za kuku.

Victoria


Kilindoni
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pasaka tuliipita salama. Padre alivuka kutoka bara akafika amelowa, akasema misa kwa shati la kuazima. Bi Mize jirani yangu aliniletea pweza, nikampa mchele.

Nilikuwa na homa, sasa nimepona. Maandazi umefanya vizuri.

Hayo mengine tuyaache mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Usimchokonoe mtu. Kila mmoja ana mzigo wake.

Mama yako,
Clotilda


Mbagala
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na homa. Mama Iddi anakusalimu, amesema ukija atakupikia mwenyewe.

Nimemchokonoa. Nisamehe, sikuweza.

Ijumaa mvua ilinikamata getini, wenzangu wote walikuwa wameondoka. Akaniambia, "Dada, ingia kibandani usilowe." Nikaingia. Kuna kiti kimoja, akanipa, yeye akasimama mlangoni ameshika fremu. Nilikaa nikitazama miguu yake. Nikasema, sasa nitauliza nipone. Kwenye jumuiya tunaambiwa ukweli utatuweka huru, nikasema ngoja niwe huru.

Nikamuuliza, "Mudrik, ulikuwa na jaketi ishirini na mbili za kuokolea. Kwa nini ulimpakia mdogo wangu?"

Akahamishia uzito kwenye mguu mwingine. Kisha akasema, "Nilishajibu mahakamani, dada."

"Ulisema tamaa. Nilikuwepo, nilikusikia. Tamaa ya nauli ya mtu mmoja?"

Akasema, "Muulize Mwalimu."

"Nimuulize mama nini?"

"Muulize Mwalimu, dada. Mimi sina neno."

Mama, damu ilinipanda. Mtu aliyemzamisha mwanao anakutaja wewe? Nilitoka kwenye mvua hivyo hivyo. Nikajua salamu zote zile zilikuwa kazi bure, kwamba mtu wa namna hii ukimpa maandazi anakurudishia jiwe kwenye ganda la ndizi.

Lakini usiku ule nilikumbuka barua zako mbili. Mfungo ni pamoja na ulimi. Usimchokonoe mtu. Ulikuwa unamkinga nani, mama?

Haya, nakuuliza kama alivyosema. Kuna nini? Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba mficha uchi hazai. Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Victoria


Mbagala
29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo.

Wiki sita. Warda nimemwona mara mbili Kariakoo, kila mara ananiambia, "Mwalimu amesema hana barua." Ameniambia pia u mzima, unakwenda sokoni, unakwenda kanisani. Kwa hiyo si homa.

Nimechukua kimya chako kama jibu. Nimeona kwamba Mudrik alisema uongo ili anifunge mdomo, na wewe unaumia hata kuugusa. Jumatatu iliyopita nilimwambia msimamizi wa jengo mlinzi wake ni nani, kwamba amewahi kufungwa kwa kuua mtu kwa uzembe. Hakujua. Hakuuliza la pili. Mudrik aliondolewa siku ile ile kabla ya saa sita. Nilimwona kutoka dirishani akitoka na mfuko wa rambo mmoja, anavuta mguu. Akageuka kulifunga geti vizuri, kisha akaenda.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Jioni kwenye jumuiya ilikuwa zamu yangu kuongoza sala, na tulipofika kwenye Baba Yetu niliitamka yote kwa sauti, sikuruka hata neno. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nasema uongo mbele ya Mungu na mbele ya majirani kumi na wawili.

Nimekuandikia ujue.

Victoria


Kilindoni
30 Mei 2025

Mwanangu Victoria,

Marahaba. Leo sianzi na kuku.

Umeniuliza, nakujibu. Jumapili ile ya Agosti nilitoka kanisani na Godlove, begi lake tumelishika huku na huku. Jumatatu alikuwa na usaili wa kazi huko kwenu Dar, unakumbuka, miaka miwili alikuwa amekaa nyumbani na cheti chake cha ualimu. Meli siku ile haikuwa na safari. Ilikuwepo boti ya Mudrik peke yake.

Mudrik alikuwa amesimama gatini na daftari la majina. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Leo pamejaa. Jaketi ishirini na mbili, watu ishirini na wawili. Kesho alfajiri Godlove ndiye wa kwanza, nitampakia kwa mkono wangu."

Nikamwambia akivuka kesho atakuta usaili umekwisha. Akasema, "Nisamehe Mwalimu, siwezi."

Victoria, nilipandisha sauti mbele za watu. Nilisema, "Mudrik, mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika jina lako. Mama yako alikuleta kwangu unatoka makamasi. Leo unaniambia mimi pamejaa?"

Unawajua watoto wa Kiegeani. Hata akiwa na mvi, Mwalimu wake akimwambia neno hana pa kulipeleka. Aliinama. Godlove aliona haya, akanishika mkono, akasema, "Mama, basi, nitakwenda kesho, nitawaeleza." Mimi nikamwambia, "Panda." Neno langu la mwisho kwake ni hilo. Mudrik akasema, "Haya, Mwalimu." Nauli hakuipokea.

Ulikuwepo mahakamani, ulimsikia. Alikiri kosa, hakuitwa shahidi hata mmoja. Hakimu alipomuuliza kwa nini alizidisha mtu, alinitazama pale nilipokaa, kisha akasema, "Tamaa, mheshimiwa." Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, rozari mkononi. Ningesimama tu. Sikusimama. Nilijiambia nina msiba, mwenye msiba hasumbuliwi. Kisha nikajiambia kesho. Miaka mitatu naamka na hiyo kesho.

Bi Kidawa, mama yake, ndiye aliyenipokea Kiegeani nilipokuja msichana mgeni sijui hata kukuna nazi. Alinipa chumba, akawalea nyote wawili mgongoni kwake. Sijakanyaga kwake tangu siku ya mazishi ya Godlove. Watu wanadhani namkasirikia mwanawe, na mimi nimewaacha wadhani.

Wewe unaruka nusu ya pili ya sala. Mimi ni ile ya kwanza isiyotoka. Utusamehe makosa yetu. Ningeitamka vipi, wakati makosa yangu amefungwa nayo mtu mwingine?

Usimwambie Mudrik kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Mama yako,
Clotilda

6 Julai

Victoria, barua hii imekaa ndani ya Biblia yangu siku thelathini na saba. Warda amekuja mara mbili akauliza, "Mwalimu, huna barua?" Nikasema sina, nayo iko hatua tatu kutoka aliposimama. Niliogopa macho yako. Jana nimepata yako ya tarehe 29, na sasa naona nilivyofanya. Ulilolifanya wewe, mimi ndiye niliyekuacha gizani ulifanye.

Mtafute, mwanangu. Kwa jina la Mungu, mtafute.


Mbagala
20 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika hiyo shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Nina hasira na wewe, sikufichi. Nina hasira na mimi zaidi.

Barua yako niliipata Jumatano, nikaisomea chooni kazini nisionekane. Nikashuka getini kumuuliza Taufiki, mlinzi wa zamu ya mchana. Akaniambia Mudrik hakuwa na chumba mjini, alikuwa analala pale pale kibandani. Ile kazi ilikuwa pia nyumba yake, na mimi sikujua, sikuuliza. Kandambili zake za akiba bado ziko chini ya meza. Nikamuuliza Taufiki, Mudrik alisema nini siku ile. Akasema, "Alisema dada wa meno asilaumiwe, ana haki yake."

Alinielekeza kwa binamu ya Mudrik. Mama, ni Mbagala. Mtaa wa pili kutoka kwangu, pale ninaponunua mkaa. Karibu wiki tatu alikuwa amelala nyuma ya ukuta ninaoupita nikienda jumuiya na kitabu cha nyimbo kwapani. Binamu yake alisema ni figo, hospitali walishamwambia tangu mwaka jana. Alivimba mpaka uso. Akaomba arudishwe Kiegeani kwa mama yake, wakamvusha Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Mimi nimefika Alhamisi. Siku tano.

Nilitaka kuvuka, msimamizi wa kliniki amenikatalia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kwa hiyo ni wewe, mama. Nenda. Usingoje Jumapili, usingoje mguu upone, usiandae maneno. Ukifika mwambie ni mimi niliyemsema kwa msimamizi, na kwamba ndizi zake nilizila.

Jana Mama Iddi alinikuta nimekaa uani na ndoo tupu. Hakuuliza. Alifungua koki, akajaza, akanibebea mpaka mlangoni.

Victoria


Kilindoni
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Hujambo. Mimi sina jambo la mwili. Barua yako Warda aliniletea Jumanne ya tarehe ishirini na mbili.

Uliniambia nisingoje. Jumatano nilifua kitenge nisiende mchafu. Alhamisi mvua. Ijumaa nilijiambia ni siku yao ya sala, nitawasumbua. Bodaboda kutoka hapa mpaka Kiegeani haichukui nusu saa, Victoria, na mimi nilipata sababu kwa kila siku.

Jumamosi nikapanda. Tulipofika kwenye minazi ya kuingilia kijiji niliona wanaume wa kanzu wanatembea upande mmoja, wengi. Nikamwambia kijana asimame. Nilijua kabla sijauliza. Alikuwa amefariki alfajiri.

Nilikaa uani na wanawake. Bi Kidawa alikuwa ndani, sikumwona. Hakuna aliyenifukuza, walinisogezea mkeka kama zamani. Walipomaliza kuosha na kukafini, jeneza likawekwa nje ya mlango. Mzee Mfaume, ami yake Mudrik, akasimama mbele ya watu. Unaijua desturi yao. Alisema, "Ndugu zangu, huyu anaondoka. Mwenye kumdai aje kwetu tulio hai. Na aliyekosewa naye, tunamwomba amsamehe hapa, asiende na deni."

Nikaona watu wote wanatazama chini, wananikwepa, maana kila mtu pale alijua ni mwanangu aliyefia mikononi mwake. Walikuwa wananingoja nisamehe.

Najua sauti ya mwanamke haisikiki mahali kama pale. Na mimi ni mtu wa dini nyingine. Nilisimama hivyo hivyo, nikashika mlango. Nikasema, "Mimi simdai. Yeye ndiye anayenidai mimi. Alinikatalia, nikamlazimisha. Alisema pamejaa. Kufungwa kwake ni kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale namwangalia."

Nilingoja wapige kelele. Nilingoja hata mtu mmoja anitupie jiwe, ningeshukuru. Nikazitazama nyuso zile, Victoria, moja moja, nyingi nimezifundisha kusoma. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Mzee Mfaume akasema taratibu, "Tumekusikia, Mwalimu." Kisha wakabeba jeneza, wakaenda.

Wanaume walipokwisha kuondoka niliingia kwa Bi Kidawa. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nikapiga magoti pale mkekani, na mguu wangu huu. Nikamwambia yote tena. Akanipapasa uso mpaka akajua ni mimi. Akasema, "Tulijua, Mwalimu. Watu wa gatini walisikia siku ile ile. Mudrik ndiye aliyetukataza tusiseme. Alisema msimwaibishe Mwalimu, atakuja mwenyewe kusema."

Kijiji kizima, mwanangu. Miaka mitatu wananiuzia samaki, wananiuliza hali, wananifyekea kaburi la mtoto wangu, na wote wanajua. Walinisitiri. Mimi nilidhani ni siri yangu, kumbe ilikuwa stara yao.

Nikamwambia pia la kwako, kwamba ni wewe uliyemsema kwa msimamizi, na kwamba ndizi ulizila. Akasema alishamsikia Mudrik akizitaja ndizi hizo. La kazi Mudrik hakuwahi kumwambia.

Kisha akaniambia la mwisho, nalo nakuandikia maana sitaki kulibeba peke yangu. Siku zile kumi na nne alizolala pale, kila pikipiki ilipopita njiani Mudrik alikuwa anauliza, "Mama, ni Mwalimu?" Bi Kidawa anamjibu, "Bado, mwanangu." Hata Ijumaa jioni aliuliza. Ijumaa ile mimi nilikuwa hapa barazani nachambua mchele.

Nimemwomba Bi Kidawa tuje kwenye arobaini, mimi na wewe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Mlango haujafungwa." Omba ruhusa kazini, uje. Usilete kitu. Ukifika hapo mlangoni kwake utasema lako kwa mdomo wako, kama mimi nilivyosema langu, na atakachokujibu utakipokea.

Sala ya Bwana sasa naitamka yote. Nikifika pale pa "makosa yetu" nasimama kidogo, nasikiliza barabarani, kisha naendelea.

Mimi mama yako, ninayedaiwa,
Clotilda